Bwawa ambalo Nasoni hakuliona

Ukitafuta picha ya Casa de Mateus, jumba la shambani karibu na mji wa Vila Real, kaskazini mwa Ureno, utaletewa ileile: jumba jeupe, na kivuli chake kimepinduka majini. Kazi yangu ni kuhifadhi majengo ya kale, na picha hiyo hunichekesha. Bwawa liliongezwa karne ya 20. Jumba ni la nusu ya kwanza ya karne ya 18.

Alilijenga António José Botelho Mourão, Morgado wa tatu wa Mateus. Morgado si jina. Ni mrithi wa mali ya ukoo isiyouzwa wala kugawanywa, ambayo kwa kawaida humwendea mwana wa kwanza. Waswahili wenye wakfu wa familia watanielewa haraka. Ureno iliufuta utaratibu huo mwaka 1863.

Usanifu unahusishwa na Nicolau Nasoni, Mwitaliano aliyejenga mnara wa Clérigos jijini Porto. Nasoni alianza kama mchoraji, nami naona jumba zima limepangwa kwa jicho la mchoraji. Mabawa mawili yanajitokeza mbele kama mikono ya mwenyeji, katikati ngazi pacha, na juu kabisa nembo ya ukoo. Kuta zimepakwa chokaa, nyeupe pe. Mawe ya graniti yameachwa wazi pale tu yanapotakiwa kuonekana: kwenye pembe, kuzunguka madirisha, na kwenye vinara vilivyochomoza juu ya paa. Graniti ni kaidi, haikubali nakshi ndogondogo kirahisi. Fundi huchonga maumbo manene. Jua likiinama, vivuli vyake hulala juu ya ule weupe kama wino. Ndiyo maana bwawa silichukii. Limekuja limechelewa, lakini limeielewa kazi.

Wengi wameliona jumba hili bila kujua: ndilo lililochorwa kwenye chupa za mvinyo wa Mateus Rosé.

Mimi huvutwa zaidi na maktaba ya jumba hili, kwa sababu ya kitabu kimoja. Mwaka 1817 mjukuu wa mjenzi, José Maria de Sousa Botelho, alichapisha jijini Paris toleo la kifahari la Os Lusíadas, utenzi wa Camões, mshairi Mreno wa karne ya 16, kuhusu safari ya Vasco da Gama. Pwani yetu imo: Malindi ni mwenyeji mwema, Mombasa ni mji wa hila. Ndugu zangu wa Mombasa, msinilaumu mimi.