Je, Wajua? Kwa Nini Mpigaji Hatari Kuliko Wote Alinyimwa Mpira Mara 120

Rekodi ya Barry Bonds inayotajwa kwanza ni 762. Hizo ni homurani alizopiga katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani kati ya 1986 na 2007, na katika ligi hiyo hakuna aliyezifikia. (Japani, Sadaharu Oh alipiga 868, lakini ligi ile ina vitabu vyake.) Inayofuata ni 73, alizopiga msimu mmoja tu, wa 2001. Iliyo ya ajabu kuliko zote mbili haitajwi sana. Mwaka 2004, mwaka aliotimiza miaka 40, Bonds alipewa kituo cha kwanza bure na wapinzani, kwa makusudi kabisa, mara 120. Walikataa kumrushia mpira. Kabla ya Bonds, rekodi ya msimu mzima ilikuwa 45.

Kwa asiyeufuata mchezo huu: mrushaji anarusha, mpigaji anajaribu kupiga. Mipira minne ikipita nje ya eneo halali na mpigaji asijaribu kuipiga, anakwenda kituo cha kwanza bila jasho. Vituo ni vinne, cha nne kikiitwa nyumbani, na anayevizunguka vyote ameiletea timu yake alama moja. Homurani ni mpira uliopigwa ukavuka uzio: mpigaji anazunguka kwa raha zake, na wenzake waliokuwa vituoni wanatangulia mbele yake. Basi kocha anayemwogopa mpigaji anaweza kumwagiza mrushaji atupe mipira minne kando, yaishe. Tangu 2017 inatosha kutoa ishara. Enzi za Bonds ilibidi mipira irushwe kweli, mdakaji akisimama pembeni na kunyoosha mkono, uwanja mzima ukizomea.

Mjini San Francisco walizomea kwa vifaa. Mashabiki wa Giants, timu ya Bonds, walikuja uwanjani na kuku wa plastiki laini, na kila alipopewa kituo cha bure waliwapunga hewani. Kwa Wamarekani kuku ndiye mwoga, nafasi ambayo sisi tumempa kunguru.

Na maelezo yanayorudiwa hadi leo yanafuata mkondo huohuo: makocha waliogopa, ila woga wao ulikuwa na akili. Mtu anayeweza kupeleka mpira baharini (nyuma ya uzio wa kulia wa uwanja ule kuna maji ya ghuba, na mipira yake kadhaa iliishia humo), kwa nini umpe nafasi? Kituo kimoja ni kidogo, homurani ni kubwa. Mpe kidogo akukose kikubwa. Hoja inaonekana haina tundu.

Tundu lipo, na liko katika kitu ambacho hoja hiyo haikigusi kabisa. Besiboli haina saa. Hakuna dakika 90. Kinachoumaliza mchezo ni idadi ya wapigaji wanaotolewa (kwa mfano mpira wao ukidakwa hewani, au wakiukosa mara tatu): kila timu ina ngwe 9 za kupiga, na katika kila ngwe wakitolewa watatu, zamu imekwisha. Jumla 27. Chukulia kwamba kila timu inapewa vocha 9 za umeme, kila moja ina uniti tatu. Kila mpigaji anapotolewa, uniti moja imeungua. Taa ikizimika, waliokuwa wamesimama vituoni hawahesabiwi, na vocha mpya inaanza na vituo vitupu. Mpaka uniti ziishe unaweza kupata alama moja, kumi au thelathini, hakuna wa kukuzuia. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu mpigaji yeyote haliwi amepiga mbali kiasi gani. Swali ni je, ameunguza uniti au hakuunguza?

Homurani haiunguzi. Kituo cha bure nacho hakiunguzi, hata chembe. Hapo ndipo kocha anayejiona mjanja anapotoa zawadi kubwa kuliko anavyodhani. Amezuia homurani, ni kweli, lakini pia amefuta kabisa uwezekano wa Bonds kutolewa. Na Bonds, pamoja na utisho wake wote, alikuwa akitolewa.

Hesabu za 2004 zinasema hivi. Alikwenda kupiga mara 617. Ondoa zile 120 za makusudi, zinabaki 497 ambazo wapinzani, angalau kwa karatasi, walikubali kupambana naye. Katika hizo alitolewa mara 241, karibu nusu. Homurani zilikuwa 45, yaani moja katika kila mara 11. Kwa hiyo kila kocha aliponyoosha mkono kumruhusu apite, alikuwa analipa nafasi ya karibu nusu kwa nusu ya kumtoa, ili ajikinge na balaa linalotokea mara moja katika 11. Kwa bei hiyo, muuzaji alikuwa anafurahi.

Inawezekana kwenda mbali zaidi. Wataalamu wa takwimu wa besiboli wana jedwali linaloonyesha, kwa wastani wa maelfu ya michezo, timu inatarajia alama ngapi mpaka mwisho wa ngwe, kulingana na nani yuko kituo gani na uniti ngapi zimeungua. Kwa miaka ile ya mwanzo wa karne hii, ngwe inapoanza, vituo vitupu, timu ilitarajia kama nusu alama. Mtu akiwa kituo cha kwanza na hakuna aliyetolewa, matarajio yalipanda hadi karibu 0.9. Wa kwanza akitolewa, yalishuka hadi karibu 0.3. Sasa mweke Bonds aanze ngwe. Ukimpa kituo cha bure, umewapa Giants 0.9. Ukimrushia mpira, na ukachanganya matokeo yake yote ya msimu ule kwa uwiano wake (kutolewa, homurani, vituo vya kawaida), unapata kama 0.7. Hiyo ndiyo hatari ya kupambana na mpigaji wa kutisha kuliko wote wakati ule: bado ni nafuu kuliko kumkwepa. Na baadhi ya zile mara 120 zilitolewa vituo vikiwa vitupu kabisa.

Lakini makocha hawakuwa wajinga wote, na jedwali hilohilo linawatetea mahali pamoja. Uniti mbili zimeungua, mchezaji mmoja wa Giants yuko kituo cha pili, kituo cha kwanza kiko wazi, Bonds anakuja. Hapa zawadi ya bure inapoteza thamani, kwa sababu vocha ina uniti moja tu iliyobaki, na kumwongeza mtu kituo cha kwanza hakusaidii sana ikiwa taa inakaribia kuzimika. Kumbe mpira mmoja mzuri wa Bonds, hata usiovuka uzio, unamleta nyumbani yule wa kituo cha pili. Ukipiga hesabu kwa namba zake za 2004, kumrushia kunagharimu takriban nusu alama, na kumpitisha kunagharimu kidogo chini ya hapo. Tofauti ni ndogo, lakini iko upande wa kocha. Ule mlango mwembamba ulikuwa halali. Kilichotokea ni kwamba waliingia nao kila mahali.

Kuna tukio moja ambalo hutajwa kila mjadala huu unapoanza, la tarehe 28 Mei 1998. Diamondbacks wa Arizona walikuwa wanaongoza 8-6 mjini San Francisco, ngwe ya mwisho, wawili wameshatolewa, na vituo vyote vitatu vimejaa Giants. Kocha Buck Showalter akaamuru Bonds apewe kituo cha bure. Kwa kuwa hapakuwa na nafasi, kila aliyekuwa kituoni alisogea mbele na mmoja akaingia nyumbani: Showalter alijifunga alama kwa hiari yake, 8-7. Aliyefuata, Brent Mayne, akapiga mpira ulionyooka moja kwa moja mpaka mikononi mwa mlinzi wa kulia. Mchezo umekwisha, Arizona wameshinda. Tangu siku hiyo watu wanasema ilikuwa akili kubwa. Mimi naona Mayne aliupiga mpira ule vizuri tu, na ungepita mita chache pembeni tungekuwa tunasimulia habari ya kocha mpumbavu kuliko wote. Hata hivyo Showalter alikuwa na hoja ambayo kocha wa ngwe ya kwanza hana: mwishoni kabisa mwa mchezo, swali si alama ngapi watapata kwa wastani, bali je, watapata mbili au hawatapata.

Kabla ya kulichukua jedwali kama msahafu, kuna mambo ya kulipunguzia makali. Kwanza, namba zake ni za mpigaji wa wastani. Nani anafuata baada ya Bonds ina uzito, na mwaka 2004 waliomfuata walikuwa kina Edgardo Alfonzo na A. J. Pierzynski, wachezaji wazuri ambao hawakumnyima mrushaji usingizi. Mtu akiwa kituo cha kwanza, mpira wa chini chini unaweza kuwatoa wawili kwa mkupuo, na hilo ndilo makocha waliomba litokee. Hesabu ikizingatia hayo, pengo la 0.9 na 0.7 linapungua. Sidhani kama linazibika.

Pili, 120 ni yale ya makusudi yaliyoandikwa hivyo. Msimu ule Bonds alipata vituo vya bure 232 kwa jumla, na nyingi kati ya zile 112 zilizobaki zilikuwa za nusu kusudi: mrushaji analenga nje kidogo, akitumaini kwamba Bonds atashawishika. Hakushawishika. Jicho lake ndilo lililokuwa silaha ya kwanza, mkono ukafuata. Alipigwa chenga na mipira mitatu, yaani kutolewa bila kuupeleka mpira uwanjani, mara 41 tu msimu mzima, chini ya idadi ya homurani zake, jambo ambalo wapiga homurani karibu hawalifanyi.

Tatu, vituo vya makusudi vilianza kuhesabiwa rasmi mwaka 1955. Babe Ruth, mpigaji maarufu wa zamani, alipewa vituo vya bure 170 mwaka 1923, na hakuna daftari linalotuambia vingapi vilikuwa vya kumkwepa. Kwa hiyo rekodi ya 45 ambayo Bonds aliivunja ni ya kuanzia hapo. Aliyekuwa nayo tangu 1969 ni Willie McCovey, naye wa Giants, ambaye yale maji ya nyuma ya uzio yamepewa jina lake na mashabiki. Bonds aliivunja mwaka 2002 kwa 68, mwaka uliofuata akapata 61, kisha hiyo 120. Katika maisha yake yote ya uchezaji alipata 688, zaidi ya mara mbili ya anayemfuata.

Nne ni jambo ambalo haliwezi kurukwa. Miaka hii ndiyo ya uchunguzi wa dawa za kuongeza nguvu katika besiboli, na jina la Bonds lilikuwa katikati yake. Alikana kutumia kwa kujua. Mwaka 2011 alitiwa hatiani kwa kuzuia haki kutendeka, hukumu ikafutwa 2015. Waandishi wanaopiga kura ya kuingiza watu katika Jumba la Heshima la mchezo huo walimnyima kwa miaka kumi mfululizo. Ya mwisho, 2022, alipata asilimia 66 na zilihitajika 75. Hayo yanaweza kubadili unavyoitazama 762. Hayabadili hesabu ya uniti, kwa sababu kituo cha bure ni uamuzi wa mpinzani, na mpinzani ndiye tunayemchunguza hapa.

Matokeo ya uamuzi huo yaliyojumlishwa ni haya: katika kila safari 100 za kwenda kupiga mwaka 2004, Bonds alifika kituoni takriban 61. Mpigaji wa kawaida hufika kama 33. Alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake kwa mara ya saba, na alirudi nyumbani mara 129 ingawa, ukitoa vituo vya bure na mengineyo, aliruhusiwa kupiga rasmi mara 373 tu. Akiwa amekwepwa hivyo, bado aliwaletea Giants alama 101 kwa mikono yake.

Na Giants? Walishinda michezo 91, wakashindwa 71, wakakosa hatua ya mtoano kwa mchezo mmoja. Nafasi ile ilichukuliwa na Astros wa Houston, ambako kituo cha pili alikuwa analinda Jeff Kent, mtu ambaye kwa miaka sita, hadi 2002, alipiga jirani na Bonds kwenye orodha ya Giants na kuwafanya wapinzani wafikiri mara mbili kabla ya kumkwepa. Uongozi wa kundi ulikwenda kwa Dodgers wa Los Angeles, tarehe 2 Oktoba, siku moja kabla ya msimu kwisha. Giants waliingia ngwe ya tisa wakiongoza 3-0. Warushaji wao wakashindwa kulenga, wakaanza kuwagawia Dodgers vituo vya bure, hivi visivyo vya makusudi, hata vituo vyote vilipokuwa vimejaa. Kisha Steve Finley akapiga homurani iliyowaleta nyumbani watu wanne, na ubao ukasoma 7-3.