Maana ya mazingira ya kuigiza simu katika majaribio ya programu

Mazingira ya kuigiza simu ni programu inayoendeshwa kwenye kompyuta na kutenda kama simu kamili, yenye skrini, hifadhi, mtandao na saa yake, ili programu mpya ijaribiwe humo kabla ya kuwafikia watumiaji. Emuleta ya Android, mojawapo ya mazingira hayo, huiga vifaa vya simu na kuendesha mfumo mzima wa Android. Simuleta ya iOS, mfumo wa simu za iPhone, haiigi kichakataji cha iPhone: programu huundwa upya kwa ajili ya kichakataji cha kompyuta ya Mac.

Wengi huyasifu mazingira haya kwa kupunguza gharama ya kununua simu, lakini kwa maoni yangu faida kubwa zaidi ni kwamba kila jaribio huanzia katika hali ileile. Simu halisi hubaki na mabaki ya jaribio lililotangulia, kama vile akaunti iliyoachwa wazi au ruhusa iliyokwisha kutolewa, na ndiyo maana jaribio hufaulu asubuhi likashindwa jioni ingawa hakuna aliyegusa msimbo. Emuleta hurudishwa katika hali iliyohifadhiwa, na kosa likitokea hutafutwa ndani ya programu yenyewe.

Tuchukue programu ya malipo inayoundwa Lubumbashi. Kongo ina majira mawili ya saa, na Lubumbashi, kama Goma na Bukavu, iko saa moja mbele ya Kinshasa. Malipo yanayotumwa Kinshasa saa tano na nusu usiku, tarehe 31 Januari, huingia Lubumbashi saa sita na nusu, tarehe 1 Februari, na hesabu za mwezi za mwenye duka zinaweza kuharibika hapo. Anayejaribu mchana kwa simu moja hataliona kosa hilo. Emuleta mbili zilizowekewa majira tofauti ya saa hulifichua mapema. Emuleta pia huweza kupunguziwa kasi ya mtandao hadi kilobiti 14.4 kwa sekunde, au kukatiwa mtandao baada ya ombi kutumwa na kabla ya jibu kurudi, ili ijulikane kama mteja anayebonyeza tena atakatwa faranga zake mara mbili.

Hata hivyo, emuleta haipati joto, na kiwango cha betri yake ni namba tu anayoiandika mjaribu. Kasi, kamera na matumizi ya betri sharti vipimwe kwenye simu halisi, hasa zile za bei nafuu zenye kumbukumbu ndogo.