Je, wajua kwa nini moyo hubaki mnyonge hata baada ya mshipa kuzibuka?

Mgonjwa yuko Amu (kisiwani Lamu), ameshadungwa dawa ya kuyeyusha donge la damu, na maumivu ya kifua yametulia. Mbona basi namba ya juu ya presha ni 80 tu na miguu imepoa? Msuli wa moyo uliokosa damu kwa muda mfupi, bila kufa, huzubaa. Huweza kukaa hivyo saa, siku, hata wiki. Braunwald na Kloner waliieleza hali hii mwaka 1982.

Kwa kawaida, kila pigo kalsiamu huishika protini iitwayo troponini, ndipo nyuzi za msuli zivutane. Damu ikirudi ghafla, chembe za msuli hufurikwa na kalsiamu na kujeruhiwa na oksijeni kali, na nyuzi zikawa nzito kuitikia. Kwa kuwa zingali hai, dawa huziamsha.

Inayotangulia aghalabu ni dobutamini, inayogusa vipokezi vya beta, yaani sehemu za chembe za moyo zinazopokea adrenalini, ili kalsiamu iongezeke kila pigo. Miligramu 250 zikitiwa maji zifike mililita 50, kila mililita hubeba miligramu 5. Mgonjwa wa kilo 60 anayehitaji mikrogramu 5 kwa kilo kwa dakika hupata mililita 3.6 kwa saa. Ikigeuka waridi kidogo, nguvu haijapotea. Ila isipite mrija mmoja na sodiamu baikaboneti, itaharibika.

Shida yake kubwa huonekana safarini. Nusu ya dobutamini huisha mwilini kwa takriban dakika 2, kwa hiyo pampu inayosukuma dawa ikizimika ndani ya boti kati ya Amu na Mokowe, presha huporomoka kabla ya kufika ng'ambo. Betri ijazwe na bomba la pili la sindano lenye dawa liwe tayari kabla ya kushuka gatini, na mrija uangaliwe usikunjwe na mkanda wa machela.

Anayetumia atenololi, dawa ya presha, ana vipokezi hivyo vilivyozibwa, hivyo dobutamini humfaa kidogo. Dawa nyingine, milrinoni, hupita mlango wa nyuma bila kugusa vipokezi hivyo, lakini hukaa mwilini kwa saa kadhaa, zaidi figo zikiwa mbovu, na hushusha presha. Kwa mwenye presha ya 80, hiyo si dawa ya kukimbilia. Ya tatu, levosimendani, hufanya troponini iishike vyema kalsiamu iliyopo. Hutiririshwa saa 24, na kile ambacho mwili hukitengeneza kutokana nayo huendelea kufanya kazi takriban wiki moja.

Kwa nini basi kipimo kisiongezwe tu? Dawa hizi haziponyi msuli. Zinaushikilia hadi uamke wenyewe. Dobutamini ikizidi, mapigo hukimbia au kuvurugika, moyo hudai oksijeni zaidi, na kama mshipa bado ni mwembamba, msuli uleule huumia tena. Ndiyo maana eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ikionyesha moyo unakaza vizuri zaidi, kipimo hupunguzwa polepole, mikrogramu 1 au 2 kwa mara, huku mkojo ukipimwa. Kwa mgonjwa huyo wa kilo 60, ukishuka chini ya mililita 30 kwa saa na mikono ikaanza kupoa, hurudishwa kipimo cha awali.