Bando la ruta ya nyumbani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Malalamiko ya "data yangu imeliwa" huwa na sura moja. Mtu kaweka bando kwenye ruta ya laini (kifaa kinachochukua intaneti kwa laini ya simu na kuigawa nyumbani kwa Wi-Fi), siku chache baadaye ujumbe unaingia kwamba limekwisha, naye anaapa hakuna mtu nyumbani aliyetazama chochote. Wakati mwingine kweli ana haki ya kulalamika. Mara nyingi zaidi, tarakimu anayoitegemea haipimi kile anachodhani inapima. Nyumba yenye ruta ina hesabu tatu zinazokwenda kwa pamoja: ya mtoa huduma, ya ruta yenyewe, na ya kila simu au kompyuta iliyounganishwa. Kila moja inapimia mahali pake. Dhana nyingi zilizo hapa chini zinatokana na kuchukua hesabu moja na kuijibia swali la nyingine.

"Ruta inajua salio langu"

Haijui. Ukifungua ukurasa wa ruta kwenye kivinjari, kwa kuandika anwani iliyobandikwa chini yake (192.168.8.1, 192.168.1.1 na 192.168.0.1 ndizo zinazokutwa sana), utaona sehemu ya takwimu: kiasi kilichopakuliwa, kilichopakiwa, na muda ambao muunganisho umekuwa hewani. Hicho ni kilichopita ndani ya ruta tu. Kifurushi ulichonunua, ukubwa wake na siku kinapokwisha, vyote vimehifadhiwa kwenye mitambo ya mtoa huduma. Ukinunua bando jipya leo, hesabu ya ruta haitarudi sifuri. Ikirudi, ni kwa sababu nyingine.

Sababu hiyo kwa kawaida ni kwamba umesoma mstari usio wake. Ruta nyingi zina hesabu mbili. Ya kwanza ni ya muunganisho wa sasa, nayo hufutika kila ruta inapozimwa, au inapopoteza mtandao na kujiunga upya. Ya pili ni jumla ya mwezi, ambayo huanza upya siku uliyoipanga kwenye mipangilio, na kama hukupanga, mara nyingi ni tarehe 1. Basi kama bando lako la siku 30 lilianza tarehe 17 na ruta inahesabu tangu tarehe 1, usitarajie zikutane. Ukirudisha mipangilio ya kiwandani, zote mbili zinafutika.

Ruta nyingi zina mahali pa kujaza tarehe ya kuanza, ukubwa wa kifurushi na asilimia ambayo ikifikiwa upewe onyo. Ni kazi ya dakika mbili, na ajabu ni wachache wanaofika hapo. Ila ujue kwamba ruta inakuamini wewe: ukiandika GB 50 ilhali ulinunua 30, siku bando linapokata itakuonyesha kwamba bado una 20.

"Nitapiga namba ya salio kwa simu yangu, nione la ruta"

Utaona la simu yako. Hata kama simu imeunganishwa kwenye Wi-Fi ya ruta, zile namba za nyota na reli zinapita kwenye laini iliyo ndani ya simu, na mtandao unajibu kuhusu laini iliyouliza. Salio la ruta linaulizwa na laini ya ruta.

Njia zipo kadhaa. Baadhi ya ruta zina sehemu ya USSD (ndizo hizo namba za nyota na reli) kwenye ukurasa wake, unaandika namba ileile ambayo ungeipiga kwa simu. Nyingi zaidi zina kisanduku cha SMS, na humo ndimo zinamorundikana taarifa zote ambazo mtoa huduma amekuwa akituma: umetumia asilimia kadhaa, bando linaisha kesho, na kadhalika. Watu hulalamika kwamba hawakuonywa, kumbe maonyo yamejaa kisanduku ambacho hakijafunguliwa tangu ruta itoke kwenye boksi.

Programu ya mtoa huduma ndiyo njia nyepesi kuliko zote, ila ina kikwazo kimoja kinachowashinda wengi: ukisajili namba ya laini ya ruta, msimbo wa uthibitisho unatumwa kwenye laini hiyohiyo. Watu husubiri msimbo kwenye simu mpaka muda wake unapita. Uko kwenye kisanduku cha SMS cha ruta. Na kama hujui hata namba ya laini yenyewe, tumia kisanduku hicho kujitumia ujumbe kwenye simu yako, kisha usome umetoka namba gani.

Kuchomoa laini na kuiweka kwenye simu nako hufanya kazi, isipokuwa pale laini ilipofungwa ifanye kazi kwenye ruta iliyouzwa nayo tu. Mimi huiona kuwa njia ya mwisho.

"Hesabu zikitofautiana, nimeibiwa"

Hapa pana mengi, na ndipo ugomvi mwingi unapoanzia.

Anza na gigabaiti yenyewe. Wapo wanaohesabu GB 1 kuwa baiti bilioni moja kamili, na wapo wanaohesabu kwa 1024, ambapo GB 1 ni baiti 1,073,741,824. Tofauti ni zaidi ya asilimia 7. Kifurushi cha GB 50 kwa hesabu ya kwanza, kikipimwa na ruta inayofuata hesabu ya pili, kitaonekana kimekata kwenye 46.6. Hizo GB 3.4 hazikuwahi kuwapo.

Pili, mahali pa kupimia. Mtoa huduma anahesabu kwenye lango lake, kabla data haijarushwa hewani. Pakiti, yaani kipande kidogo cha data, iliyopita langoni ikapotea njiani kabla ya kufika kwenye ruta, kwake imehesabiwa, kwa ruta haijafika, na nakala yake ikitumwa tena inahesabiwa tena. Tena kila pakiti hubeba vichwa vya anwani juu ya mzigo wenyewe, ndiyo maana faili la MB 100 halimalizi MB 100 kamili bali huzidi kidogo. Mahali penye mawimbi dhaifu pengo hili hupanuka.

Tatu, salio unalolisoma si lazima liwe la sekunde hiyo. Mitambo ya kutoza haikati baiti kwa baiti. Mtandao unaomba fungu kutoka kwenye salio lako, unalitumia, kisha unarudi kuripoti na kuomba jingine. Katikati ya fungu, salio linaweza kuonekana limesimama huku video inaendelea, halafu likashuka kwa mkupuo. Anayeangalia salio kila dakika tano atajitia wasiwasi wa bure.

Nne, vifurushi vyenye mafungu ndani yake: data ya usiku, ya mitandao ya kijamii, ya ziada uliyopewa kama zawadi. Ruta inajumlisha yote. Mtoa huduma anayatenga, na GB 10 za usiku hazitakusaidia saa nane mchana. "Data imeisha" hapo maana yake ni fungu moja limeisha.

Kwa hiyo pengo la asilimia chache, hata kufikia 10, lina maelezo. Pengo la nusu nzima halina, na hapo dai haki yako. Ila nenda na kitu mkononi: jumla ya ruta tangu siku bando lilipoanza, pamoja na tarehe, kisha uombe mchanganuo wa matumizi kwa siku. Ukitaka kuwa na uhakika zaidi, tenganisha vifaa vyote ubaki na kompyuta moja, andika salio na hesabu ya ruta, pakua faili unalolijua ukubwa wake, la MB 500 kwa mfano, subiri nusu saa, usome tena zote mbili. Hilo ni jaribio ambalo mhudumu wa simu hawezi kulipuuza kirahisi.

"Nilikuwa kwenye Wi-Fi, kwa hiyo sikutumia data"

Simu nayo inaamini hivyohivyo, na hapo ndipo tatizo lilipo. Kwa simu, Wi-Fi ni mtandao usiopimwa. Ikiiona tu inaanza yale iliyokuwa ikiyaahirisha: kusasisha programu, kupeleka picha na video kwenye hifadhi ya mtandaoni, kushusha sasisho la mfumo mzima lenye gigabaiti kadhaa. Haina habari kwamba upande wa pili wa Wi-Fi kuna laini yenye bando la kuhesabiwa. Wageni watatu wakija na simu zao, zote zitajisasisha kwa gharama yako kabla hawajaketi vizuri.

Dawa ni kuiambia. Android na Windows zina mahali, ndani ya mipangilio ya mtandao husika wa Wi-Fi, pa kuutambulisha kuwa ni mtandao unaopimwa data. iPhone, tangu iOS 13 ya mwaka 2019, ina hali ya kutumia data kidogo ambayo unaweza kuiwashia Wi-Fi moja tu. Windows pia inaweza kugawa vipande vya masasisho kwa kompyuta nyingine, hata zilizo nje ya nyumba yako, kama mipangilio yake imeruhusu. Kaangalie.

Televisheni ni habari nyingine. Nyingi hazina kitu kama hicho, na zitachukua ubora wa juu kabisa ambao mtandao unaruhusu. Netflix yenyewe hukadiria kwamba ubora wa HD unaweza kufika GB 3 kwa saa, na wa 4K GB 7. Filamu moja ya jioni ni sehemu nzuri ya kifurushi. Punguza ubora ndani ya akaunti yako, kwani hakuna wa kukupunguzia.

"Hakuna aliyepakua kitu"

Labda. Je, nani alipakia? Kinachotoka huhesabiwa sawasawa na kinachoingia, na simu ya video hutoza pande zote mbili kwa wakati mmoja. Mla data mkimya kuliko wote ni kamera ya ulinzi inayorusha picha mtandaoni mfululizo. Kwa megabiti 1 tu kwa sekunde (biti nane ni baiti moja), ambayo si nyingi kwa video, saa 24 zinakula GB 10.8. Kamera inayotuma pale tu inapoona kitu kikisogea ina njaa ndogo zaidi, mradi isielekezwe kwenye mti unaotikiswa na upepo.

Kinyume chake, si kila kinachopita kwenye Wi-Fi kinagusa bando. Kuchapisha waraka, kuhamisha video kutoka simu kwenda kompyuta iliyo chumba cha pili, kutazama filamu iliyo kwenye diski iliyochomekwa kwenye ruta: hivyo vinazungukia ndani ya nyumba. Lakini hesabu ya Wi-Fi ndani ya simu yako itavijumlisha, na ndiyo maana jumla ya simu zote inaweza kuzidi kile ruta ilichochukua kutoka kwenye mnara.

"Mtandao wa kasi unakula zaidi"

Faili la MB 200 ni MB 200 kwa kasi yoyote. Kinachobadilika ni video, kwa kuwa programu hupandisha ubora zikiona kasi inaruhusu. Ukifunga ubora kwenye kiwango kimoja, kasi haikuongezei gharama.

Penye kasi kuna mtego mwingine: kuipima. Vipimo vya kasi hushusha data kwa nguvu zote za mtandao. Kwenye megabiti 100 kwa sekunde, sekunde 15 za kushusha tu ni karibu MB 190, bado hujapandisha. Anayepima asubuhi, mchana na jioni ili ajue kwa nini bando halidumu, amejijibu mwenyewe.

"Natumia dirisha la faragha" na "nina VPN"

Dirisha la faragha linaficha historia kwenye kompyuta yako, basi. Tena linaweza kuongeza matumizi, kwa sababu ukilifunga hutupa vilivyohifadhiwa na ukurasa unashushwa upya safari ijayo. VPN, yaani njia ya siri inayopitisha data yako kwenye seva nyingine, inaficha unakokwenda, haifichi ukubwa wa mzigo. Huuongezea asilimia kadhaa za vifungashio vyake, na data ya fungu la mitandao ya kijamii huenda ikaanza kukatwa kwenye bando kuu, kwa kuwa mtoa huduma hawezi tena kuitambua.

"Ni jirani"

Inawezekana. Orodha ya vifaa vilivyounganishwa iko kwenye ukurasa wa ruta, lakini isome kwa utulivu. Simu za siku hizi, iPhone tangu iOS 14 na Android tangu toleo la 10, hutumia anwani ya kubuni kwa kila mtandao wa Wi-Fi, na baadhi huibadilisha. Kwa hiyo kifaa usichokijua jina kinaweza kuwa simu ya mwanao. Kuficha jina la Wi-Fi hakumzuii anayejua anachotafuta. Badilisha nenosiri, ukiacha usalama wa WPA2 au WPA3 umewashwa, na ubadilishe pia lile la kuingilia ukurasa wa ruta. Kisha tazama hesabu ya kila siku kwa wiki moja. Isipopungua, mwache jirani, urudi kwenye kamera na televisheni.

"Langu halina kikomo, sihitaji kuangalia"

Vifurushi vingi vinavyoitwa visivyo na kikomo vina kipengele cha matumizi ya haki: ukivuka kiasi fulani, huduma haikatwi, kasi ndiyo inayopunguzwa, wakati mwingine hadi video isichezeke. Kiasi hicho kimeandikwa kwenye masharti, pamoja na siku kinapoanza kuhesabiwa upya. Jaza namba hiyo kwenye ruta kama ukubwa wa kifurushi, uweke onyo kwenye asilimia 80. Vijiti vya mawimbi kwenye ruta vitabaki vimejaa hata kasi ikishushwa, kwa kuwa vinapima nguvu ya mnara tu. Kwa hiyo intaneti ikiwa nzito ghafla mwishoni mwa mwezi, soma kwanza jumla ya mwezi kabla hujaanza kuhamisha ruta kutoka dirisha hadi dirisha.