Tangi la fundi, bwawa la samaki na ghuba: kalkulasi ya vigeu vingi kwa kompyuta

Swali la kalkulasi ya vigeu vingi lililokuwa likila kurasa tatu za daftari sasa linajibiwa na programu kwa sekunde moja. Nafundisha somo hili hapa Mwanza, nazipenda programu hizi, na nawahimiza wanafunzi wazizoee mapema. Lakini kazi yenyewe haijapungua, imehama tu. Zamani jasho lilitoka katikati, kwenye kutafuta derivativu (kasi ambayo jibu linabadilika ukisogeza kigeu) na kupambana na milinganyo. Siku hizi linatoka mwanzoni, pale unapoliandika swali, na mwishoni, pale unapolisoma jibu. Katikati tumeiachia mashine, na kwa sehemu kubwa inaifanya vizuri kuliko sisi.

Kwa anayeanza: mimi natumia SymPy, maktaba ya bure (mkusanyiko wa amri za hesabu zilizokwisha kuandikwa) inayofanya kazi ndani ya Python, lugha ya kuandikia programu. Maxima nayo ni ya bure, na ni mzao wa Macsyma iliyoanza kutengenezwa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1968. Mathematica na Maple ni programu nzito na nzuri, ila leseni zake si za mfuko wa mwanafunzi wa kawaida. Kwa kuchora, GeoGebra inatosha kabisa, hata kwenye simu. Ukishapakua na kusakinisha, bando likiisha unaendelea na kazi.

Sasa twende kwenye swali. Fundi mmoja wa kuchomelea pale Mabatini aliniuliza: "Mwalimu, mteja wangu anataka tangi la chuma la lita elfu nne, juu wazi. Nilikate vipi ili chuma kisiniishie?" Hili ni swali la kitabuni kabisa. Lita 4,000 ni mita za ujazo 4. Urefu uwe x, upana y, kimo z. Chuma kinachohitajika ni sakafu na kuta nne:

A = x*y + 2*x*z + 2*y*z

Sharti ni kwamba x*y*z iwe 4. Njia tunayotumia ni ya mwanahisabati Joseph-Louis Lagrange: sharti unalizidisha kwa kigeu kipya, unalitoa kwenye A, kisha unatafuta mahali ambapo derivativu zote zinakuwa sifuri.

L = A - k*(x*y*z - 4)
solve([diff(L, v) for v in (x, y, z, k)], [x, y, z, k])

Hapo diff inatafuta derivativu, na solve inatafuta majibu ya milinganyo. Kigeu kipya nimekiita k kwa makusudi. Vitabu hukiita lambda, lakini ndani ya Python neno hilo lina kazi yake, na ukilitumia kama jina programu inakataa papo hapo.

Ukiviacha vigeu bila maelezo, SymPy inarudisha majibu matatu, na mawili kati yake yana herufi I, yaani namba changamano. Wanafunzi wengi hudhani wamekosea kuandika. Hawajakosea. Mlinganyo unaobaki mwishoni ni x³ = 8, ambao kweli una mizizi mitatu, na hakuna aliyeiambia mashine kwamba x ni urefu wa chuma. Unapotangaza vigeu, ongeza positive=True, na linabaki jibu moja: x = 2, y = 2, z = 1, k = 2. Chuma ni mita za mraba 12.

Wengi wanaishia hapo na kufunga kompyuta. Mimi hapo ndipo natulia.

Kwanza, je, 12 ndiyo kiwango cha chini? Derivativu kuwa sifuri hakujasema chini wala juu. Jaribu jirani zake. Sakafu ya mita 1.8 kwa 1.8 inahitaji kimo cha takriban 1.23, na chuma kinakuwa 12.13. Sakafu ya 2.2 kwa 2.2 inahitaji kimo cha takriban 0.83, na chuma ni 12.11. Pande zote mbili kinaongezeka. Ona pia kinavyoongezeka kidogo: sakafu nimeivuta sentimita 20 huku na huku, na chuma hakijapanda hata kwa asilimia 2. Karibu na kiwango cha chini, uso wa funksheni huwa umelala, kwa hiyo una nafasi ya kusogea bila kulipa sana. Hili kwa fundi lina thamani kuliko namba 12 yenyewe.

Pili, ile k = 2 si takataka ya hesabu. Inasema kila mita moja ya ujazo utakayoongeza itakula takriban mita 2 za mraba za chuma. Mteja akitaka lita 4,100 badala ya 4,000, huna haja ya kuanza upya: 0.1 mara 2 ni 0.2, kwa hiyo chuma kitakuwa kama 12.2. Ukirudia hesabu yote unapata 12.199. Nasikitika nikiona mwanafunzi anaifuta k kwa sababu "haikuulizwa", kwa kuwa hiyo ndiyo namba ambayo mfanyabiashara angeilipia.

Tatu, na hili programu haiwezi kulijua, kabla ya kumpa fundi jibu nilimuuliza shiti zake zina ukubwa gani. Futi nane kwa nne, yaani mita 2.44 kwa 1.22. Eneo la shiti moja ni mita za mraba 2.98. Shiti nne zinakupa 11.91, ambazo hazifiki 12. Kwa hiyo tangi bora la Lagrange linadai shiti ya tano, na vipande vingi vya kuunga. Fundi akachukua chaki, akachora chini: shiti moja nzima ni sakafu, mbili nzima ni kuta ndefu, ya nne inakatwa katikati na kutoa kuta fupi mbili za 1.22 kwa 1.22. Shiti nne kamili, hakuna kipande kinachotupwa, mkato mmoja tu. Tangi hilo lina ujazo wa 2.44 × 1.22 × 1.22, sawa na mita za ujazo 3.63.

Je, amepoteza kiasi gani? Nikaigeuza hesabu: kwa chuma cha 11.91, tangi kubwa kuliko yote lingekuwa na ujazo wa 3.95. La fundi liko chini yake kwa takriban asilimia 8, na halina unganisho lolote katikati ya ukuta. Swali lake halisi halikuwa eneo la chuma, lilikuwa idadi ya shiti, na shiti huhesabiwa nzima nzima. Derivativu haina cha kufanya hapo. Kinachobaki ni mteja kuamua kama lita 3,630 zinamtosha.

Kwenye intego, yaani kujumlisha vipande vidogo vidogo ili kupata kiasi kizima, hatari ni nyingine, kwa sababu huko jibu baya halina dalili. Chukua bwawa la kufugia sato lenye umbo la yai: mita 20 kwa urefu, 12 kwa upana, kina cha mita 2 katikati na linapanda taratibu hadi ukingoni kama bakuli. Kina kwenye pointi yoyote ni 2(1 − x²/100 − y²/36). Ujazo wa maji ni intego ya kina hicho juu ya eneo lote la bwawa. Kwa x na y za kawaida mipaka inajaa vipeuo, kwa hiyo tunabadilisha: x = 10 r cos θ, y = 6 r sin θ. Sasa r inatoka 0 hadi 1, θ inazunguka duara zima, na kina kinakuwa 2(1 − r²). Inapendeza, sivyo?

Ukiiingiza hiyo peke yake kwenye integrate, amri ya SymPy ya intego, unapata 8π/3, yaani takriban 8.4. Programu haikupi onyo lolote, kwa sababu hiyo ni intego halali kabisa, isipokuwa si ya bwawa lako. Kilichosahaulika ni Jakobiani, kipimo cha jinsi kila kipande kidogo cha eneo kinavyotanuka unapobadilisha vigeu. Kwa bwawa hili ni 60r. Ukikiweka, jibu ni 60π, takriban mita za ujazo 188.5. Na usikipige kichwani. SymPy inakipata yenyewe: weka x na y kwenye matriki (jedwali la hesabu), omba jacobian kwa r na θ, kisha determinanti, namba moja inayotokana na jedwali hilo.

Mlinzi wako hapa ni makadirio ya haraka. Sanduku la 20 kwa 12 kwa 2 lina mita za ujazo 480, na bwawa limo ndani ya sanduku hilo, limekatwa pembe na kuinuliwa kingo. Jibu la 8 haliwezekani. Jibu la 188 linawezekana. Makadirio hayo yanachukua nusu dakika, na nayadai kwa kila mwanafunzi kabla hajagusa kibodi.

Mpangilio wa mipaka nao uangaliwe. Kwenye SymPy, mpaka unaoandikwa kwanza ndio unaofanyiwa kazi kwanza, yaani ule wa ndani. Ukiupindua wakati mpaka wa y unategemea x, jibu linatoka likiwa bado na x ndani yake, na hiyo angalau ni dalili. SciPy, maktaba nyingine ya Python inayokokotoa kwa namba, ni ya kimyakimya zaidi: dblquad, amri yake ya intego ya mara mbili, inataka funksheni yako ipokee y kwanza, halafu x. Ukiweka x kwanza, unapata namba safi, ya swali lingine.

Bwawa lile la bakuli lina jambo moja zaidi. Wastani wa kina chake ni mita 1, nusu kamili ya kina kikubwa. Ziwa Victoria lina wastani wa kina wa takriban mita 40, na sehemu yenye kina kikubwa ni takriban mita 80. Uwiano uleule! Napenda sana kuuonyesha darasani, kisha nawazuia wasikimbie nao: maumbo mengi hutoa nusu, hata mfereji wenye umbo la V. Wastani mmoja hauwezi kukuambia sakafu ya ziwa imekaaje. Unaweza hata hivyo kukupa ujazo: eneo la kilomita za mraba 68,800 mara kilomita 0.04 ni takriban kilomita za ujazo 2,750. Ndiyo maana ya wastani katika intego ya mara mbili.

Ziwa halisi halina fomula. Una pointi tu, kila moja na kina chake kilichopimwa kutoka kwenye boti. Hapo griddata ya SciPy inaunganisha pointi hizo kwa pembetatu, inakadiria kina katikati yake, na wewe unajumlisha kina mara eneo la kila mraba mdogo. Ukiifanya hivyo kwa maji yaliyo mbele ya jiji la Mwanza, pembetatu zitapita juu ya kisiwa cha Saanane na kukijaza maji, na zitakata rasi ya Capri Point kana kwamba haipo, kwa kuwa boti haikupima kina juu ya mawe. Kwa hiyo kabla ya kuomba ujazo, chukua ramani, fuata ufukwe na mzunguko wa kila kisiwa, na uongeze pointi zenye kina sifuri kwa ukaribu. Kisha miraba yote iliyo upande wa nchi kavu ifute kwenye jumla, maana pembetatu hazijui ufukwe uko upande gani.