Wasia wa mwisho wa Nelson: namna ya kuusoma kama hati ya kisheria

Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1805, merikebu za Ufaransa na Uhispania zikiwa zimekwisha kuonekana karibu na rasi ya Trafalgar katika pwani ya Uhispania, Admirali Horatio Nelson wa Uingereza, aliyeuawa vitani siku hiyohiyo, aliandika kwa mkono wake, ndani ya manowari Victory, nyongeza ya wasia wake. Wengi huisoma karatasi hiyo kama barua ya mapenzi, kwa kuwa inamhusu Emma Hamilton, mpenzi wake wa nje ya ndoa. Sisi wahifadhi wa nyaraka hupenda kuisoma kwanza kama hati ya kisheria, na kwa maoni yangu hapo ndipo inapoeleza mengi zaidi.

Mwandiko wenyewe ni ushahidi. Nelson alipoteza mkono wa kulia Julai 1797 katika shambulio la Santa Cruz de Tenerife, akalazimika kujifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Kwa hiyo hata barua yake isiyo na tarehe huweza kuwekwa upande mmoja au wa pili wa mwaka huo kwa kutazama mwandiko tu. Katika nyongeza hii tarehe imeandikwa kwa maneno badala ya tarakimu, mahali pametajwa kuwa ni mbele ya merikebu za adui zilizo umbali wa maili 10 hivi, na chini yake wametia saini mashahidi wawili, Kapteni Henry Blackwood na Kapteni Thomas Hardy. Chini ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1677, wasia wa kugawa ardhi ulihitaji mashahidi wasiopungua watatu, lakini wa mali inayohamishika uliweza kukubaliwa hata bila shahidi, mradi mwandiko wa marehemu utambulike. Nelson hakuwa akigawa ardhi siku ile, na bado aliita mashahidi. Huyu hakuwa mgeni wa mahakama: katika visiwa vya Karibi alishtakiwa na wafanyabiashara kwa kukamata merikebu za Wamarekani, na mwaka 1803 alishinda kesi dhidi ya mkuu wake wa zamani, Lord St Vincent, kuhusu mgawo wa fedha za nyara.

Hati inaanza kwa kudai kwamba Emma aliitumikia Uingereza mara mbili: kwanza mwaka 1796, alipoipatia serikali habari za barua ya mfalme wa Uhispania, na pili mwaka 1798, alipowezesha manowari kupata maji na mahitaji huko Syracuse kabla ya vita vya Nile. Baada ya kueleza hayo, Nelson anamwachia mfalme na taifa jukumu la kumtunza Emma, kisha anamkabidhi taifa hilohilo Horatia, anayemwita mtoto wake wa kuasili, akitaka tangu hapo atumie jina la Nelson peke yake. Horatia alikuwa binti yao wa damu, aliyezaliwa Januari 1801. Uingereza haikuwa na sheria ya kuasili watoto hadi mwaka 1926, na mtoto wa nje ya ndoa hakuwa na haki ya kurithi kwa nasaba. Maneno hayo yalimsitiri mtoto, lakini hayakumpa haki yoyote.

Ugumu uko hapa: msimamizi wa mirathi hutoa kilichomo katika mali ya marehemu, na hakuna mahakama iliyoweza kulilazimisha Bunge kulipa pensheni kwa sababu marehemu aliliomba. Wasia wa mwaka 1803 na nyongeza zake ulikuwa umempa Emma nyumba ya Merton na pauni 500 kwa mwaka kutoka shamba la Bronte huko Sisilia, na Horatia pauni 4,000. Hayo yalidaiwa kisheria. Karatasi ya Trafalgar, kwa upande wake, ni ombi lililovishwa umbo la wasia, na wenye mamlaka walilichukulia hivyo: William, ndugu wa marehemu, alipewa cheo cha Earl na pauni 5,000 kwa mwaka, mjane Frances akapata pauni 2,000 kwa mwaka, na Emma hakupewa kitu. Mwaka 1813 alifungwa kwa madeni, na Januari 1815 akafariki Calais.

Horatia alibaki na jina la Nelson hadi alipoolewa mwaka 1822, na aliishi hadi mwaka 1881. Wasia pamoja na nyongeza zake umehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uingereza, mjini Kew, na anayetaka kuusoma vizuri asiishie kwenye karatasi ya mwisho. Azilinganishe zote kwa tarehe.