Mkija na daftari, mlipieni na bibi nauli

Kila Januari napigiwa simu na watu wema walioko Dar es Salaam wanaotaka kusaidia yatima wa Makete. Wanauliza walete daftari ngapi. Nawashukuru, maana zinahitajika. Ila kazi ya ustawi wa jamii imenifundisha kuwauliza nami: mnaweza kumlipia bibi nauli ya kwenda wilayani?

Makete iko mkoani Njombe, ambako utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima wanaishi na VVU. Kwa nchi nzima ni 4.4. Dawa za kufubaza virusi zimewabakizia watoto wengi wazazi wao. Waliofariki kabla ya kuzianza wamewaachia watoto mabibi wanaolima viazi na kutafuta vibarua.

Ada ilifutwa hadi kidato cha nne tangu 2016, na kidato cha tano na sita ikafuata 2022. Kinachosumbua sasa ni sare, viatu, chakula cha mchana na sweta, kwa kuwa baridi ya huku mwezi Juni ni kali mno. Sweta zenyewe naomba zipitie kwa mwalimu mkuu, wapewe watoto wote wasio nazo. Nimeshamwona mtoto akitetemeka darasani, sweta yake mpya ameiacha nyumbani, kwa sababu wenzake waliita "ya yatima".

Nauli ya bibi ni ya kufuata cheti cha kifo. Mzazi akifia nyumbani anazikwa, matanga yanaanuliwa, na aliyebaki anawaza watoto watakula nini. Sheria inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30, lakini katika msiba ule nani anakumbuka? Miaka inapita. Mtoto anamaliza kidato cha sita, anaomba mkopo wa elimu ya juu. Bodi ya Mikopo inawapa yatima kipaumbele, ila sharti aambatanishe cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Asipokuwa nacho, uyatima wake hauhesabiki.

Kijana mmoja niliyemjua tangu darasa la tatu alikwama hapo. Mama yake alifariki nyumbani, mtendaji wa kijiji wa wakati ule alishahama, na kati ya waliozika, wachache walikumbuka hata mwaka. Tulihangaika wiki tano. Cheti kilipotoka, dirisha la maombi lilikuwa limefungwa. Alikaa mwaka mzima akibeba mbao msituni, na ufaulu wake mzuri kabatini. Iliniuma sana, kwa sababu faili lake lilikuwa mezani kwangu miaka yote hiyo.

Tangu hapo, yatima akiandikishwa darasa la kwanza namuuliza bibi mambo mawili: mzazi alizikwa lini, na nani walikuwepo. Mashahidi wakiwa hai na mtendaji akiwa bado yupo kijijini, kazi hii ni ya siku chache.

Kwa hiyo daftari leteni. Pamoja nazo, tieni nauli ya watu wawili, bibi na shahidi wake, kwenda na kurudi.